NYOTA YA MCHUNGAJI: DENI LANGU KWENU, NA SOMO LA KURUDI NYUMA



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na swahaba zake wote. Amma ba'ad.

Ndugu zangu, darsa la leo ni refu, kwa hiyo kama una haraka lihifadhi ulisome usiku ukishatulia. Ni darsa la historia. Tutatembea kutoka Isfahan hadi Hawaii, na kutoka jangwa la Sham hadi kwenye nyota iliyo juu ya kibla chetu. Lakini kabla ya safari kuna deni. Nililikopa hapa hapa mbele yenu, na haifai nikalilipe chumbani peke yangu.

*1. DENI LENYEWE*

Miaka kadhaa nyuma, katika mwezi wa Ramadhani, niliandika hapa kuhusu nyota ya Shi'raa. Wengi wenu mnaikumbuka, maana ilisambaa sana. Nilisema hivi: Allah (s.w.t.) ameitaja Shi'raa katika Suratun-Najm, aya ya 49. Wanafalaki wamegundua kuwa Shi'raa si nyota moja bali ni nyota mbili zinazozungukana. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 9, kumetajwa umbali wa pinde mbili. Basi chukua 49, chukua 9, utapata 49.9, na hiyo ndiyo miaka ambayo nyota hizo mbili hutumia kukamilisha mzunguko! Nikamalizia kwa takbira, na nyinyi mkaitikia kwa maelfu.

Sikuyabuni. Niliyakuta kwenye video, yakanipendeza, nikayapitisha. Sikumuuliza mtu wala sikufungua kitabu.

Baada ya muda akaniandikia kijana mmoja, mwanafunzi wa fizikia mwaka wa pili. Aliandika kwa adabu: "Assalaamu alaykum ustadh wangu. Nilimwonyesha mwenzangu darasani lile somo la Shi'raa. Yeye si Mwislamu. Akafungua kitabu, mzunguko ni miaka 50 na kidogo juu yake. Kisha akaniuliza kwa nini nimechukua aya ya 9 na si ya 8 au ya 10. Wenzetu wakacheka. Sikuwa na la kujibu, ustadh."

Nilimjibu nini? Nilimwambia asiwe na wasiwasi mwingi, wasiwasi unatoka kwa shetani. Hayo ndiyo majibu tunayotoa sisi tusiojua tunapoogopa kusema hatujui.

Ukweli ni kwamba aya ya 9 haizungumzii nyota kabisa. Inazungumzia ukaribu katika tukio la wahyi, na wafasiri wengi wamesema ni ukaribu wa Jibril na Mtume (s.a.w.). Kuing'oa hapo ili ikamilishe hesabu ya nyota ni kuifanyia aya dhulma, hata kama hesabu ingekubali. Na hesabu yenyewe haikubali. Kuwa Shi'raa ni nyota mbili, hilo ni kweli: Mjerumani Bessel alilitambua mwaka 1844 kwa kuona nyota hiyo inayumba njiani mwake, na mwenza wake akaonekana kwa darubini mwaka 1862 nchini Marekani. Lakini ile 49.9 tuliitengeneza wenyewe.

Basi leo nasema wazi: nilikosea, na ninaliondoa somo lile. Aliyelisambaza kwa kuniamini, namuomba asambaze na hili pia. Na wewe kijana, kama bado unanisoma, unisamehe. Swali lako halikuwa wasiwasi. Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na mimi ndiye niliyelikimbia.

*2. NYOTA ILIYO JUU YA KIBLA CHETU*

Nilipoanza kusoma ili nijue nilipokosea, nikakutana na nyota pacha nyingine. Hii haina video, lakini kisa chake kilinikalisha kitako.

Wanafalaki huiita Gamma Cephei. Jina lake rasmi ni Errai. Ukilisoma taratibu utasikia Kiarabu ndani yake: Ar-Raa'ii, yaani Mchungaji. Ndimi za Ulaya zimelipinda tu. Waarabu wa kale, watu wa ngamia na kondoo, waliangalia upande wa kaskazini wakaona huko mchungaji, na karibu naye wakamwonea mbwa wake na kondoo wake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna bahati ya pekee katika hili. Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu. Ukisimama kuswali Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, umeelekea kaskazini, na wazee wetu kwa Kiswahili chao waliuita upande huo wa kaskazini "kibla". Ile nyota maarufu ya Kaskazini hatuioni Dar es Salaam, iko chini ya upeo wa macho. Lakini Mchungaji anaonekana. Mwishoni mwa Novemba, baada ya Isha, simama ufukweni mahali penye giza, elekea kibla, nyoosha mkono. Juu ya upeo, kwa Dar es Salaam, ni kiasi cha vidole vitatu tu. Kwa ndugu zetu wa Lamu ni kama ngumi moja. Si nyota kali, na ukungu kidogo tu unaificha. Nyinyi mlioko Maskati mna nafuu zaidi: kwenu Mchungaji hazami usiku wowote, anazunguka tu upande wa kaskazini.

Na baada ya miaka elfu moja hivi, kwa sababu mhimili wa dunia huzunguka polepole kama pia inayokaribia kusimama, Mchungaji ndiye atakayekuwa nyota ya Kaskazini. Watakaokuwa hai wakati huo watajiongoza kwake, Allah akipenda. Katika Suratun-Nahl, aya ya 16, Allah anatukumbusha kuwa watu hujiongoza kwa nyota. Hakusema ni nyota gani, nasi tusimsemee.

Niweke jambo moja sawa kabla ya kuendelea. Kuna elimu ya falaki, na kuna unajimu wa kutabiri bahati, ndoa na safari. Hii ya kwanza ndiyo iliyowasaidia Waislamu kujua kibla, nyakati za swala na miezi. Hiyo ya pili ni haramu, na haina nafasi katika ukurasa huu.

*3. MZEE WA ISFAHAN ALIYEKATAA KUNAKILI*

Yule Mgiriki Ptolemy aliandika orodha ya nyota zaidi ya elfu moja katika karne ya pili ya Miladi. Kwa miaka mia nane watu wakawa wanainakili. Mwalimu anamnakili mwalimu wake, naye ananakiliwa na mwanafunzi wake.

Kisha akaja Abdurrahman As-Sufi, aliyezaliwa Rayy mwaka 903 na kufariki mwaka 986. Alifanya kazi chini ya mtawala Adudud-Dawla, na mbingu alizitazama kutoka Isfahan. Kitabu chake cha picha za nyota, Suwarul-Kawaakib, alikiandika karibu mwaka 964. Alichokifanya kinaonekana kidogo, lakini ni kikubwa. Alichukua orodha ya Ptolemy akatoka nayo nje usiku. Nyota kwa nyota, akaitazama kwa macho yake na kuandika ukali wa mwanga wake kama alivyouona yeye. Alipotofautiana na Ptolemy alisema. Aliwalaumu wazi wale waliotegemea vitabu na matufe yaliyochorwa bila kuinua macho yao juu. Na pamoja na majina ya Kigiriki aliandika majina ya Waarabu wa jangwani, Mchungaji na kondoo wake wakiwemo.

Nilipofika hapo niliona haya. Mzee huyu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, hakuwa na umeme wala darubini, na hakukubali kupitisha habari ya nyota mpaka aitazame. Mimi nilikuwa na simu mkononi, ambayo ingenipa jibu kabla chai haijapoa, nikapitisha.

*4. WATU WALIOPIMA MWENDO WA NYOTA*

Sasa tuje karibu na zama zetu. Kuanzia mwaka 1980 wanafalaki wa Kanada, wakiongozwa na Bruce Campbell na Gordon Walker, na pamoja nao Stephenson Yang, walianza kutafuta sayari nje ya jua letu. Wakati ule hakuna aliyekuwa amethibitisha hata moja inayozunguka nyota iliyo kama jua. Wengi waliona ni kupoteza muda.

Sayari ya mbali haionekani kirahisi, kwa kuwa mwanga wa nyota yake unaimeza. Lakini sayari inapozunguka nyota, nayo nyota huvutwa kidogo, ikayumba: mara inatujia, mara inatuondokea. Mnajua honi ya basi inavyobadilika sauti: likija sauti ni nyembamba, likishapita inakuwa nzito. Mwanga nao hubadilika kwa namna hiyo. Ukipima mabadiliko hayo utajua nyota inakwenda kasi gani, na ukipima miaka mingi utajua kama kuna kitu kinachoivuta.

Shida ni udogo wa kipimo. Kuyumba kwa Mchungaji ni kama mita 27 kwa sekunde, karibu sawa na mwendo wa basi kwenye barabara kuu. Na basi hili liko umbali wa miaka 45 ya nuru. Mwanga unaouona usiku wa leo uliondoka huko miaka 45 iliyopita. Kama una umri huo, uliondoka wakati wewe unazaliwa. Kwa kilomita ni zaidi ya trilioni 400.

Ili kupata kipimo cha namna hiyo waliupitisha mwanga wa nyota ndani ya chombo chenye gesi ya hidrojeni floraidi. Gesi hiyo huacha alama zake ndani ya mwanga, na alama hizo hutumika kama rula isiyosogea. Ni gesi ya sumu, inayochoma mapafu na kula kioo. Waliishughulikia kwa mikono yao, juu ya mlima wa Mauna Kea kule Hawaii, usiku baada ya usiku, kwa zaidi ya miaka kumi. Nyota walizozifuatilia zilikuwa ishirini na kitu tu.

Mwaka 1988 walichapisha waliyoyaona. Kuhusu Mchungaji, waliona mambo mawili. La kwanza, mwendo wake unabadilika polepole kwa miaka mingi, dalili ya kuwa ana nyota mwenza. La pili, juu ya mabadiliko hayo kulikuwa na kuyumba kudogo kunakojirudia kila baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kidogo. Wakasema huenda ni mwili wa tatu, mdogo mno kuwa nyota. Kwa maneno mengine, sayari.

*5. SIKU WALIPORUDI NYUMA*

Hapa ndipo penye moyo wa darsa letu.

Ingekuwa mimi wa zamani, ningepiga takbira. Sayari ya kwanza kabisa! Wao walifanya nini? Waliendelea kupima, na kadiri walivyopima wakaingiwa na shaka. Wakati ule Mchungaji alihesabiwa kuwa nyota kubwa iliyovimba, na nyota za aina hiyo hujizungusha polepole. Wakaona dalili katika mwanga wake zilizowafanya waulize: je, huu si mzunguko wa nyota yenyewe? Pengine ina mabaka usoni, na kila inapojizungusha mabaka hayo yanatudanganya.

Mwaka 1992 wakaandika hivyo. Wakasema kuwa kuyumba kule kunaweza kuwa kunatokana na nyota kujizungusha. Habari ya sayari ikawekwa kando.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi. Dunia ikashangilia, na mwaka 2019 wakapewa Tuzo ya Nobel. Walistahiki. Campbell wakati huo alikuwa ameshaiacha kazi ya falaki.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Kundi jingine, kwa darubini ya McDonald kule Texas, akiwemo William Cochran na Artie Hatzes, liliendelea kumfuatilia Mchungaji kwa kifaa chao wenyewe. Mwaka 2003 walichapisha matokeo. Walivichukua vipimo vya Wakanada, wakaviunga na vya kwao, ikawa ni historia ya tangu 1981 hadi 2002. Kuyumba kule kulikuwa pale pale, kwa mpigo ule ule, miaka yote hiyo. Mabaka ya nyota huja na kuondoka, hayashiki mpigo mmoja kwa miaka ishirini. Na walipochunguza mwanga wa nyota yenyewe hawakuona badiliko lolote linaloufuata mpigo huo. Tena ikajulikana kuwa nyota hii haijafikia kuwa jitu kama ilivyodhaniwa.

Sayari ipo. Ni kubwa kuliko Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote za jua letu. Inazunguka Mchungaji kwa siku 903 hivi, ikiwa mbali naye karibu mara mbili ya umbali wetu na jua. Na yule nyota mwenza naye akapigwa picha, matokeo yakachapishwa mwaka 2007: ni kijinyota chekundu chenye uzito wa kama sehemu nne kwa kumi za jua, kinachomzunguka Mchungaji kwa miaka sitini na kitu. Hukaribia sana katika njia yake, kiasi kwamba wanafalaki bado wanajadiliana sayari kubwa namna ile iliwezaje kuumbika katikati ya mivutano ya nyota mbili.

Sasa jiulizeni, ndugu zangu. Wale wa 1988 walikuwa sahihi. Je, walikosea kurudi nyuma mwaka 1992?

Nimelifikiri sana swali hili, na jibu langu ni kuwa hawakukosea. Kwa ushahidi waliokuwa nao siku ile, kusema "hatuna uhakika" ndiyo kauli iliyokuwa ya kweli. Mtu akisema jambo bila uhakika kisha likatokea kuwa kweli, amebahatisha tu. Angalieni pia matunda yake: fahari ya kuwa wa kwanza iliwapita, lakini vipimo vyao vilibaki safi, na vipimo hivyo hivyo ndivyo vilivyosaidia kuthibitisha. Kama wangevipindisha ili vilingane na matamanio yao, nani angeviamini mwaka 2003?

*6. HILI NI LETU TANGU ZAMANI*

Msidhani nimekwenda Hawaii kutafuta tusichokuwa nacho. Haya tulifundishwa, ila tumeyaacha.

Wanafunzi wa elimu ya hadithi wanajua: hadithi ikiwa na udhaifu mwepesi katika sanadi yake, maulamaa hawakimbilii kusema ni uongo, wala hawaipandishi kuwa sahihi kwa sababu maana yake ni nzuri. Inasimamishwa pale pale. Ikija njia nyingine, ya watu wengine, inayoitilia nguvu, inapanda na kuwa hasan lighayrihi. Sifananishi maneno ya Mtume (s.a.w.) na vipimo vya darubini, hasha. Nasema adabu ni moja: habari haipandi daraja kwa sababu tunaipenda.

Katika barua inayonasibishwa kwa Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa, kuna usia kuwa hukumu uliyoitoa jana isikuzuie leo kuirudia haki, maana kurudi kwenye haki ni bora kuliko kuendelea na batili. Imam Malik, pamoja na elimu yake yote, imepokewa kuwa aliulizwa masuala mengi na katika mengi ya hayo akajibu kuwa hajui. Na katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, tumeamrishwa tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Yule kijana wa fizikia alidhurika kwa ujinga wangu, na mimi nimebaki na majuto.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni hili. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (s.a.w.). Siku ile jua likapatwa. Watu wa Madina wakasema: jua limepatwa kwa sababu ya kifo cha Ibrahim.

Simama hapa, ndugu yangu. Baba amefiwa. Mbingu zimeingia giza mchana. Umma wote uko tayari kuamini kuwa jua limeomboleza kwa ajili ya mwanawe. Hakuwa na haja ya kusema uongo, angenyamaza tu. Imani za watu zingepanda, na maadui wangeogopa. Lakini Mtume (s.a.w.), kama ilivyopokewa katika Bukhari na Muslim, hakunyamaza. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake, na wakiona hivyo waswali na wamuombe Allah.

Aliukataa muujiza wa uongo siku ambayo ungemnufaisha zaidi. Mimi nani, nimtafutie Yeye aliyeiteremsha Qur'ani muujiza wa 49.9?

*7. MJI WA TADMOR*

Limebaki jina la sayari, na nalo lina uchungu wake.

Mwaka 2015 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliwaachia watu wa kawaida wazipe majina baadhi ya sayari za mbali. Zilipigwa kura zaidi ya laki tano duniani. Jumuiya ya wanafalaki wa Syria ikapendekeza sayari ya Mchungaji iitwe Tadmor, na jina hilo likashinda. Lilitangazwa Desemba mwaka ule.

Tadmor ni mji wa kale katika jangwa la Sham, ule ambao Wazungu huuita Palmyra. Khalid bin Walid (r.a.) alipopita na jeshi lake mwaka 634 akitokea Iraq, watu wa mji ule walifunga naye suluhu. Hekalu lake kubwa halikuvunjwa. Katika karne ya 12 likageuzwa msikiti, na kwa mamia ya miaka Waislamu wakaishi na kuswali ndani ya kuta zile.

Mwaka ule ule wa 2015, Mei, Daesh waliuteka mji. Agosti wakamuua mzee Khaled al-Asaad, aliyekuwa na umri wa zaidi ya miaka 80, aliyeyasimamia mabaki ya mji ule kwa miaka 40 hivi. Kisha wakalipua mahekalu. Walifanya hivyo wakisema ni kwa ajili ya dini. Yaani walijiona wanaijua dini kuliko Khalid bin Walid na kuliko Waislamu wote waliosujudu mahali pale.

Kwa hiyo Wasyria walipoona mji wao unageuzwa vumbi, waliliweka jina lake mahali ambapo baruti haifiki. Na likakaa kando ya nyota ambayo tayari ilikuwa na jina la Kiarabu, jina ambalo As-Sufi alilihifadhi katika kitabu chake.

Nimelitaja hili kwa sababu yule anayelipua msikiti wa kale na yule anayetunga muujiza wanafanana kwa ugonjwa mmoja, ingawa madhara yao hayalingani hata kidogo. Wote wawili wanadhani dini ya Allah ni dhaifu, inahitaji wao waisaidie kwa kitu ambacho Allah hakukiamrisha.

*8. NA TUSIANZE UPYA*

Nawajua ndugu zangu, nami najijua. Sasa hivi yuko anayesema: "Ustadh, sayari yenye nyota mbili ina macheo mawili na machweo mawili, na katika Suratur-Rahmaan, aya ya 17, Allah ametajwa kuwa ni Mola wa mashariki mbili na magharibi mbili. Si ndiyo hii?"

Hapana, ndugu yangu. Wafasiri waliifafanua aya hiyo zamani: ni mahali jua linapochomoza kiangazi na linapochomoza wakati wa baridi, na kadhalika kuzama kwake. Hili utaliona hapa hapa kwetu. Simama barazani Juni utazame jua linakochomoza, kisha simama tena Desemba. Aya imetosha bila kwenda Tadmor.

Je, tusimtaje Allah tunapoitazama nyota ya Mchungaji? Tumtaje sana! Ameumba nyota mbili na sayari kubwa kati ya mivutano yao, na kila kimoja kina njia yake. Hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aseme Subhaanallah usiku kucha. Tofauti ni kwamba tunamtukuza kwa alichokiumba kama alivyokiumba, si kwa tulichokitunga.

Nawaomba mambo matatu:

Kwanza, habari ikikujia inayoitukuza dini na ikakupendeza sana, ngoja. Muulize mwenye fani yake. Nyota, muulize mtu wa nyota. Dawa, muulize daktari. Aya, muulize mwenye elimu ya tafsiri.

Pili, mtoto au mwanafunzi akikuletea swali gumu, usimwambie ni wasiwasi. Mwambie, "Sijui, tutafute pamoja." Neno hilo halimpunguzii mzazi wala ustadh heshima. Mimi nilipunguziwa heshima na lile nililolisema badala yake.

Tatu, ukikosea hadharani, rudi hadharani. Wale wa Mauna Kea walirudi nyuma kwa ajili ya sayari tu. Sisi tunazungumzia Kitabu cha Allah.

Sitawaambia "sambaza upate thawabu". Nimeshaona neno hilo lilivyonifikisha. Hakikisheni kwanza tarehe na hesabu nilizoziandika, na mkiona kosa niambieni, nitalirekebisha hapa hapa. Kisha Novemba ikifika, baada ya Isha, wachukueni watoto mkasimame penye giza, muelekee kibla, mumtafute Mchungaji chini kule juu ya upeo.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Utusamehe tuliyoyasema bila elimu, na uwalinde vijana wetu na makosa ya walimu wao. Aamiin.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.